Tangazo lilisema "burudani kwa familia nzima", mwanangu akatoka ukumbini amejikojolea kwa hofu

Ndugu wanajamvi,

Nimesubiri siku nne kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu usiku ule wa kwanza ningeandika maneno ya kujutia. Hasira haijaisha, ila sasa walau naweza kuipanga.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka mitatu na nusu kutazama mchezo wa jukwaani kwa mara yake ya kwanza. Bango la tangazo lilikuwa na sungura aliyevaa kofia, rangi za kupendeza, na chini yake maneno manne: "burudani kwa familia nzima". Umri haukutajwa, muda haukutajwa, na hapakuwa na onyo la aina yoyote. Nilipiga simu kuuliza kama mchezo unamfaa mtoto mdogo, nikajibiwa kwa uchangamfu kwamba watoto wote wanaupenda. Nikanunua tiketi mbili, ya mtoto ikiwa kwa bei ileile ya mtu mzima, nikajihesabu kuwa mzazi aliyefanya wajibu wake.

Sungura tulimwona kwa dakika kumi hivi. Baada ya hapo taa zilizimwa zote kwa mkupuo mmoja, kishindo kikalipuka kutoka kwenye spika zilizokuwa nyuma ya vichwa vyetu, na taa ziliporudi zikiwa nyekundu, zimwi lilikuwa limeingia kupitia mlango wa watazamaji, likitembea katikati ya viti huku likigusa mabega ya watu. Mwigizaji alikuwa hodari, sina ubishi naye. Watu wazima walipiga mayowe ya furaha. Mwanangu hakulia. Alikaza mwili mzima, akanishika kidole gumba kwa mikono yake yote miwili, na muda si mrefu nikahisi paja langu likilowa.

Nilimbeba tukatoka. Mlangoni mhudumu akaniambia kwa sauti ya chini, tena kwa adabu kabisa, "Samahani mzee, ukitoka huruhusiwi kurudi mpaka wakati wa mapumziko." Nilipomuuliza mapumziko ni saa ngapi, akatazama saa yake na kunijibu kwamba bado dakika hamsini na tano. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa nje, mtoto akiwa amevaa fulana yangu ya ndani kama kanga, tukisikiliza vicheko kupitia upenyo wa mlango. Ndipo akaniuliza, "Baba, lile zimwi lina funguo za kwetu?" Ameuliza swali hilo kila usiku tangu siku hiyo.

Jumatatu niliwaandikia waandaaji. Jibu lao lilikuwa na sentensi mbili: kwamba mchezo umeandaliwa kwa ajili ya rika zote, na kwamba kila mzazi anamjua mwanawe. Hiyo sentensi ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Mwanangu namjua vizuri sana. Nisichokijua ni mchezo wenu, na ndicho nilichopiga simu kukiuliza.

Kwa nini maneno "familia nzima" yananikera kiasi hiki? Kwa sababu yanasikika kama taarifa ilhali hayana taarifa ndani yake. Familia nzima ni nani? Mtoto wa miezi minane, binti wa miaka kumi na tano na babu asiyesikia vizuri ni familia moja, lakini hakuna mchezo duniani unaowatosha wote kwa kipimo kimoja. Watu wanaotengeneza michezo ya watoto kwa dhati wanalijua hilo, ndiyo maana wanaandika umri kwa miaka, na kwa watoto wachanga hata kwa miezi. Kundi la Oily Cart la London, lililoanza mwaka 1981, limejenga kazi yake yote juu ya watoto wadogo mno na watoto wenye ulemavu, hadhira ambayo wengi walidhani haiwezi kutazama mchezo. Kule Bologna, Italia, kundi la La Baracca linafanya kazi na watoto tangu mwaka 1976, na limejipatia sifa hasa kwa michezo ya watoto ambao hawajafikisha hata miaka mitatu. Mimi sipingi mtoto kupelekwa kwenye mchezo wa jukwaani, ila nimechoka kuuziwa mchezo wa wakubwa uliobandikwa sungura.

Umri wenyewe ukiandikwa, bado kuna mtego ambao niliugundua baada ya kuumwa. Namba iliyo kwenye tangazo huweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa: umri ambao mlango unamruhusu mtoto kuingia, na umri ambao mchezo unamfaa. Chukueni The Lion King inayochezwa London. Mtoto wa chini ya miaka mitatu haruhusiwi kuingia, lakini ushauri wa waandaaji wenyewe ni kuanzia miaka sita. Baina ya namba hizo mbili kuna miaka mitatu mizima ambamo mtoto anaruhusiwa kukaa kwenye kiti kwa muda wa saa mbili na nusu, pamoja na mapumziko, akitazama kitu ambacho walioandaa wanaona bado ni kikubwa kwake. Walau wao wameziandika namba zote mbili, na mzazi anaamua akiwa na macho. Wetu hawakuandika hata moja.

Picha nayo isitumike kutuhadaa. Kikaragosi si cheti cha kumfaa mtoto: Avenue Q, iliyofika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za michezo jijini New York, mwaka 2003, imejaa vikaragosi vyenye manyoya na macho makubwa, na ni mchezo wa watu wazima kuanzia nyimbo mpaka mizaha yake. Hadithi za utotoni hali kadhalika. Into the Woods, iliyoanza Broadway mwaka 1987, ina Cinderella na yule msichana wa joho jekundu, lakini baada ya mapumziko wahusika wanakufa na ndoa zinavunjika, na ndiyo sababu toleo lililofupishwa kwa ajili ya watoto linaishia sehemu ya kwanza. Watengenezaji wanajua barabara mahali mchezo unapoacha kuwa wa watoto. Wanaokataa kujua ni wauzaji wa tiketi.

Najua tayari kuna anayenoa kalamu kuniambia kwamba watoto wa siku hizi tunawadekeza, na kwamba sisi tulikua tukisimuliwa mazimwi na hakuna aliyekufa. Nami nilisimuliwa, na niliyapenda. Lakini anayekusimulia akiwa amekupakata anayaona macho yako; akiona umeogopa kupita kiasi hupunguza sauti, humchelewesha zimwi njiani, au humfanya ajikwae ili ucheke. Jukwaa halina mkono huo. Kishindo kimeshapangwa sekunde yake, na mtoto wa kiti cha safu ya saba akae au afe, kitalia. Kwa hiyo huruma ambayo msimulizi huionyesha papo kwa papo, mtengenezaji wa mchezo anapaswa kuipanga mapema, wakati anauandaa.

Na inapangika. Mwaka 1936 Natalia Sats, aliyekuwa akiongoza jumba la michezo ya watoto mjini Moscow, alimwomba Prokofiev, mtunzi wa muziki wa Urusi, atunge kazi ya kuwafundisha watoto ala za muziki, ikapatikana Petro na Mbwa Mwitu. Angalieni jinsi ilivyojengwa. Kabla hadithi haijaanza, kila mhusika anatambulishwa kwa ala yake, na mbwa mwitu, ambaye ni baragumu tatu zikilia pamoja, anatambulishwa palepale na wenzake, taa zikiwa zinawaka na hakuna aliyeliwa. Anapotokea msituni, mtoto ameshamsikia. Hofu inakuja ikiwa na jina. Na kazi yote haifiki nusu saa. Hao walimfikiria mtoto kwanza, kisha wakamleta mbwa mwitu.

Mfano mwingine ninaupenda zaidi kwa sababu unahusu malalamiko kama haya yangu. Peter Pan, mchezo wa mvulana anayeruka angani, ilipoanza kuonyeshwa London mwaka 1904, watoto walirudi nyumbani wakapanda vitandani na kujaribu kuruka kama walivyoona jukwaani, wakaumia. Wazazi walilalamika, na J. M. Barrie, mwandishi wa mchezo huo, kwa maelezo yake mwenyewe, akaongeza sharti kwamba hakuna anayeweza kuruka bila kunyunyiziwa vumbi la vichimbakazi. Sentensi chache tu ndani ya mchezo, na kila mtoto akapata sababu ya kubaki sakafuni. Hakuwaandikia wazazi kwamba kila mmoja anamjua mwanawe.

Tukio hilo linaeleza pia jambo ambalo wauzaji wa tiketi hawalielewi kuhusu umri wa miaka mitatu au minne. Mtoto wa miaka minane akiliona zimwi, anajua ndani kuna mtu anayetoka jasho. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuambiwa hivyo, akakubali kwa kichwa, na bado akauliza kuhusu funguo. Kwake mpaka baina ya jukwaa na chumba cha kulala haujakauka. Ndiyo maana zimwi kupita kwenye viti, ambako kwa mtu mzima ni ufundi wa kuvutia, kwake ni jambo zito kuliko zimwi lenyewe, kwa kuwa ule umbali uliokuwa ukimlinda umeondolewa.

Sasa nirudi kwenye mambo makavu, ambayo yangetosha kunizuia kununua tiketi ile kama mtu angeniambia. Muda ni la kwanza. Michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitatu kwa kawaida huwa ya nusu saa hivi, na ile ya miaka mitatu mpaka mitano mara nyingi haizidi saa moja, bila mapumziko. Ule wetu ulikuwa wa saa mbili na dakika kumi. Giza ni la pili: je, taa za watazamaji zinazimwa kabisa, au zinabaki hafifu? Kisha sauti. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa dakika 15 katika kumbi na matamasha yenye muziki unaokuzwa kwa spika, na hicho ni kikomo cha juu kwa watazamaji kwa jumla, wala si kiwango cha kumpendekezea mtu anayetazama jukwaa kwa mara ya kwanza maishani. Taa za kuwaka na kuzimika kwa kasi ninazitaja kwa ajili ya wenye watoto wa kifafa, kwa kuwa zile zinazowaka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndizo zinazojulikana zaidi kuamsha kifafa cha mwanga, na hapo kunyamaza si uzembe tena, ni hatari.

Lakini kinachonichoma kuliko vyote ni mlango. Kwa mtoto mdogo, ruhusa ya kutoka na kurudi ndiyo tofauti kati ya kuogopa na kutishika. Angetoka dakika tano, akanywa maji, akachungulia zimwi kutoka mlangoni akiwa mikononi mwangu, nina hakika angetaka kurudi kuona limefanywa nini. Kumbi nyingine huandaa maonyesho tulivu, ambamo taa hazizimwi kabisa, sauti inapunguzwa, milango inabaki wazi, na mtoto anayeongea au kusimama hakemewi. The Lion King ilifanya onyesho la aina hiyo Broadway mwaka 2011 kwa ajili ya familia zenye watoto wenye usonji. Ikiwa mchezo mkubwa kiasi kile uliweza kulegezwa kwa siku moja, hawa wangu wameshindwaje kuacha mlango mmoja wa nyuma ukiwa haujafungwa?

Nami lawama yangu nimeichukua. Nilichagua viti vya katikati ya safu kwa kudhani ndivyo bora, na ili kutoka ilibidi nivuke magoti ya watu tisa nikiwa na mtoto aliyelowa. Ningechukua vya pembeni, karibu na mlango. Swali langu la simu nalo lilikuwa bovu. Ukiuliza "unafaa?", utajibiwa "unafaa". Nilipaswa kuuliza unachukua dakika ngapi, nani anaingia kupitia kwa watazamaji, kuna mlipuko wowote, na nikitoka naruhusiwa kurudi. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne hajautazama mchezo anaouuza.

Nimewaandikia tena jana. Sidai fedha, nimewataka waandike kwenye tangazo umri, muda, sauti, giza na utaratibu wa mlango, na waliondoe lile neno "nzima" mpaka watakapoweza kulitetea. Wakijibu nitaliweka jibu lao hapa bila kulipunguza. Wakati huo huo naomba aliyewahi kumpeleka mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye mchezo wowote aandike hapa chini mtoto alikuwa na umri gani siku hiyo, alivumilia mpaka dakika ya ngapi, na ni kitu gani kilichomshtua. "Ni mzuri, wapelekeni" nimeshaambiwa kwenye simu.