Naomba ushauri: nifundisheje picha ya Redon ya Roger na Angelica?

Wakuu, naombeni msaada. Nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu picha mbili za kisa kimoja: Roger, juu ya mnyama nusu tai nusu farasi, anamwokoa Angelica aliyefungwa mwambani asiliwe na dubwana la baharini. Mchoraji Mfaransa Ingres, mwaka 1819, kaonyesha yote waziwazi: deraya, pingu, mkuki mdomoni mwa dubwana. Odilon Redon, mchoraji wa Usimboli (sanaa ya ishara na ndoto), karibu 1910, katumia pasteli, yaani chaki laini za rangi. Watu ni wadogo, wamemezwa na mawingu ya rangi, mpaka umtafute mwokozi kwa macho. Hii ndiyo inayonigusa hasa. Nahofia wataona haijamalizika. Je, niwasimulie kisa kwanza, au waitazame kimya kabla sijasema neno?