Kunguru wanakufa chini ya mwarobaini wetu, nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Niko Dar, maeneo ya Upanga. Tangu juzi tunakuta kunguru wamekufa chini ya mwarobaini wa uani. Jana watatu, leo asubuhi watano, midomo wazi, siafu wameshaanza machoni.

Kila mtu na lake. Mama wa vitumbua kahamisha meza, anasema nyumba imetupiwa kitu. Bodaboda wanacheka: "Afadhali wapungue, wametuibia sana chapati." Mwenye nyumba kaniambia niwatupe na taka nyingine, basi, akarudi kwenye simu yake.

Najua hawa wa shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wanamaliza mayai na makinda ya ndege wengine, na huwa wanategewa sumu. Kenya mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuua milioni moja. Kwa hiyo huenda ni sumu tu. Lakini mafua ya ndege je? Jirani ana kuku wanachakura palepale.

Leo nimemkuta mwanangu wa miaka minne anamchokoa mmoja kwa kijiti. Nimemsugua mikono kwa sabuni mpaka kalia.

Sasa hawa watano nimewafunika kwa beseni. Niwazike au niwachome? Nianzie kwa afisa mifugo wa kata au watu wa afya? Na paka wetu kaonekana na manyoya meusi mdomoni. Anakula vizuri, ila silali.