Nataka kuachia ukatibu wa tawi bila kuvunja undugu, nifanyeje? (Kigoma)

Kijana_wa_Gungu (mleta uzi)
Wakuu habari za usiku.

Mimi ni katibu wa tawi wa chama kimoja cha upinzani hapa manispaa ya Kigoma Ujiji. Chama sikitaji na kata siitaji, huku tunajuana hadi kwa mwendo. Nafasi hii niliishika kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, na sasa nataka kuiachia. Nimechoka. Kazi ya tawi haina posho. Kodi ya chumba cha ofisi tunachangishana, mhuri nimechongesha kwa hela yangu, vikao naitisha kwa vocha yangu, na mwanachama akifiwa mimi ndiye natembeza daftari la rambirambi. Niligombea uenyekiti wa mtaa, fomu ikarudi eti jina la chama nimeliandika kwa kifupi. Nikakata rufaa, jibu likaja wenzangu wako kwenye kampeni.

Naomba kujua: barua ya kujiuzulu naiandika kwa mwenyekiti wa tawi au katibu wa kata? Na wanachama nawaambiaje wasinione msaliti? Wengine ni shemeji zangu, na mwenyekiti wa tawi ni baba yangu mdogo. Ushauri wa kiutu uzima tafadhali, matusi hapana.

Mkaanga_Migebuka
Kata huitaji ila jina lako la humu ni la Gungu. Hongera kwa kujificha.

Kijana_wa_Gungu
Gungu nilizaliwa tu, siishi huko. Jibu swali mkuu.

Mzee_wa_Behewa
Mdogo wangu, niko Tabora, hapa reli inapogawanyika moja ije kwenu na nyingine iende Mwanza. Nikupe historia. Mkutano wa TANU wa 1958 ulifanyika mji huu huu. Ubishi ulikuwa waingie au wasiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC, na 1962 akasimama dhidi ya Nyerere huyo huyo kugombea urais. Alishindwa vibaya, lakini hakuna aliyeuliza katoka kwa nini. Sababu yake kila mtu aliijua.

Sisi 1995 tulisukuma kwa mikono gari la Mrema, mgombea urais wa upinzani, vumbi hadi kwenye meno. Nilikuwa na shati moja jeupe la kuendea kanisani, likaishia pale. Mama yangu alininunia wiki nzima. Vijana wa siku hizi mnalalamikia vocha!

Binti_Manyovu
Mzee shikamoo. Shati limetugusa ila kijana kauliza barua aandike kwa nani.

Kaka, na mimi nikuulize. Umechoka tangu Novemba, mbona barua inatakiwa leo? Uchaguzi mkuu ni Oktoba mwaka huu wa 2025, na miezi hii ndiyo makatibu wa matawi wanatafutwa kama dawa. Nani anakuharakisha?

Kijana_wa_Gungu
Hakuna anayeniharakisha dada. Mtu anachoka tu.

Binti_Manyovu
Aliyechoka anaacha kuja kikaoni, mwisho wa habari. Hahangaiki na barua saa sita usiku. Funguka.

Mkaanga_Migebuka
Nimevuta kigoda, nimekaa paleee.

Kijana_wa_Gungu
Haya, mmenibana.

Tuna kikundi cha vijana na akina mama, karibu wote ni wa tawi letu. Tunanunua dagaa wabichi Kibirizi, tunaanika, tunapeleka Kasulu hadi Kahama. Mwaka jana mwezi wa sita biashara ilinoga mpaka tukaomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri tuongeze chanja na mtaji. Faili likalala. Kila tukienda tunaambiwa njooni wiki ijayo. Juzi mtu mmoja mwenye kauli kwenye kata akaniita pembeni, akaniambia faili letu halina tatizo lolote, tatizo ni mimi. Jumamosi chama chao kina mkutano wa hadhara. Nikipanda jukwaani nikarudisha kadi na watu wasiopungua thelathini, wiki inayofuata faili linatembea.

Kabla hamjanirukia: sijala hela ya mtu. Akina mama wale wana watoto shuleni. Siasa ya tawi haijawahi kumlipia yeyote ada.

Ngalawa_Tupu
Kumbe unaunga mkono juhudi! Ungesema mapema tukuandalie ngoma.

Kigoma hatujaanza leo. 2010 NCCR-Mageuzi ilipata wabunge wanne wa majimbo, wote wa mkoa huu. Kafulila na Machali walikuwa humo, wakatikisa bunge, na wote wawili waliishia CCM. Wewe katibu wa tawi ni nani usichoke? Panda jukwaa, chukua fulana na kofia, maisha yaende.

Msomi_wa_Kata
Ndugu mleta uzi, unachanganya mambo matatu.

Kujiuzulu uongozi na kuacha chama ni barua mbili tofauti. Unaweza kuachia ukatibu ukabaki mwanachama wa kawaida. Soma katiba ya chama chako, ila kwa kawaida barua inakwenda ngazi iliyo juu yako, nakala kwa mwenyekiti wa tawi, na unakabidhi mhuri na nyaraka kwa maandishi, kila mtu akitia sahihi. Kurudisha kadi jukwaani hakumo kwenye utaratibu wa kujiuzulu, hiyo ni sherehe ya wenye mkutano.

Mkopo nao ni suala jingine kabisa. Fedha ile ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Haina riba na haina chama. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na hoja ilikuwa usimamizi. Andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii, muulize ombi lenu limekwama wapi, mpigiwe mhuri wa kupokelewa. Aliyekuita pembeni mwambie akuandikie alichokwambia. Hataandika.

La tatu ni hao thelathini. Wamekubali?

Kijana_wa_Gungu
Wengi watakubali. Nawajua.

Binti_Manyovu
"Watakubali" maana yake hujawauliza.

Mvuvi_Mstaafu
Samahanini, mimi nasoma taratibu. Huyu kasema mwaka jana mwezi wa sita biashara ya dagaa ilinoga. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hakuna wa kutia wavu. Juni mlianika dagaa gani, wa Ziwa Victoria? CHAI hii, hadithi ya kutunga. Imechemshwa ofisini na upande mmojawapo, ama kuwatisha vijana wanaoomba mkopo, ama kuwapaka matope wale wengine.

Ngalawa_Tupu
Duh! Kweli kabisa! Mleta uzi sukari iko wapi?

Mkaanga_Migebuka
Na jina ni la Gungu na Gungu haishi. Tangu mwanzo nilimnusa.

Kijana_wa_Gungu
Soma tena mzee wangu. Nimeandika biashara ilinoga, sijaandika tulivua. Tulikuwa na mzigo wa kabla ya kufungwa, umekauka vizuri, uko kwenye magunia kwa baba mdogo. Ziwa lilipofungwa wenye stoo ndio walicheka.

Mama_Viroba
Hapo simtetei kwa siasa zake, ila kwa dagaa kasema kweli. Mimi nauza sokoni Mwanga. Kipindi kile aliyekuwa na dagaa kavu alipanga bei akiwa amekaa. Dagaa aliyeanikwa kwenye chanja, akawa mweupe, hana mchanga, anakaa miezi. Wa kuanikwa chini mchangani huyo harudishi hata nauli. Mimi mwenyewe nilibaki na mawese tu, wateja wananiuliza dagaa nawaonyesha chupa. Mleta uzi, kama mnao hata sasa nitumie ujumbe.

Mvuvi_Mstaafu
Mama, unaweza kuwa na mzigo mkubwa kiasi hicho bila mtaji? Na kama mtaji upo, mkopo wa nini? Bado ni chai.

Mzee_wa_Behewa
Iwe chai iwe maziwa, hata hapa Tabora jambo hili lipo. Kijana wa jirani yangu alirudisha kadi kwa ahadi ya bodaboda. Picha yake jukwaani ninayo hadi leo. Bodaboda sijaiona.

Msomi_wa_Kata
Tukubaliane kuwa ni kweli, asaidike. Swali moja tu mleta uzi: huyo mtu alijuaje kuwa unaweza kuleta thelathini? Aliona wapi majina?

Kijana_wa_Gungu
Alitaka kuhakikisha kama tawi lina watu kweli. Nikamwonyesha leja.

Msomi_wa_Kata
Ulimwonyesha au ulimwachia?

Kijana_wa_Gungu
Alisema ataipitia atairudisha. Ni daftari la majina tu, hata ukisimama sokoni utawajua wote.

Msomi_wa_Kata
Leja ya tawi ina majina, namba za simu, mahali mtu anapoishi, na wengine huandika hadi namba ya kadi ya mpiga kura. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zaidi ya sheria, watu walikupa namba zao kama katibu wao. Aliyenayo leo anaweza kumpigia mama mmoja mmoja amwambie "katibu wako ameshakubali, umebaki wewe."

Kijana_wa_Gungu
Mnaongea kama vile nimeuza watu. Mimi ndiye nilizunguka mlango kwa mlango kuwaandika, jua la saa nane, wengine wananifungulia mbwa. Kama kuna mtu anawajali ni mimi. Mkopo ukitoka mtaniambia nini?

Binti_Manyovu
Tutakwambia hongera. Lakini shemeji yangu mmoja yuko kwenye kikundi cha namna hiyo hapo manispaa, na leo mchana kapigiwa simu ya kuulizwa ukubwa wa fulana. Alidhani ni matapeli. Nimemtumia uzi huu.

Kijana_wa_Gungu
Dada umemtumia nani??

Binti_Manyovu
Ametafuta namba ya mwenyekiti wao wa tawi. Anasema simu inaita.

Mkaanga_Migebuka
Baba mdogo huyo! Kigoda sikiachi.

Mvuvi_Mstaafu
Kama ni kweli basi naomba radhi kwa chai, ila kwa hesabu ya mtaji sijaridhika.

Msomi_wa_Kata
Mleta uzi, baba mdogo asikie kutoka kwako kwanza. Mpigie sasa hivi, usingoje asubuhi. Kesho nenda naye mkaichukue leja. Jumamosi bado haijafika.

Kijana_wa_Gungu
Ndiye anayenipigia hapa.

Mama_Viroba
Pokea. Ukimaliza, yale magunia yanauzwaje?