Suti ya mpira ya kuzamia Ziwa Victoria, unene mm 3 au mm 5? Muuzaji ananisubiri mpaka Jumamosi

Kijana wa Igombe: Wakuu habari za mchana. Nimepata suti mbili za mtumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, moja mm 3 na nyingine mm 5, zote bado nzima. Nichukue ipi?

Bintiziwa: Mkuu mbona umeficha ya maana. Unazamia kwa pumzi au na mtungi wa hewa? Kina gani, unakaa majini muda gani? Na ndani zina kitambaa au mpira mtupu?

Mtanga: Kama ni pumzi achana na zote mbili, tafuta ya vipande viwili yenye kofia, ndani mpira mtupu, unaipaka maji ya sabuni ndo inapanda. Inashika mwili, maji hayatembei. Ila kucha moja tu inaichana.

Kijana wa Igombe: Samahani wadau. Kazi yangu ni vizimba vya sato, kushona nyavu na kutoa samaki waliokufa, mita 5 mpaka 8, mara pumzi mara mtungi wa kuazima. Zote zina kitambaa ndani na nje. Jumapili natamani pia kuwinda sangara kwa mshale.

Bintiziwa: Hiyo ya mshale pita kwanza ofisi ya uvuvi. Kwa nyavu kitambaa ni sawa kabisa. Mm 3 inakutosha, maji yetu hayana baridi hiyo.

Mzee wa Luchelele: Hapana dada, kaa chini masaa mawili alfajiri uone meno yanavyogongana. Mm 5.

Mtanga: Mm 5 sawa ila kijana sikiliza, hapa ndipo nilipotaka kufa. Nilitoka baharini na mkanda wangu wa vipande vya risasi vya kunizamisha, kilo 8 niliouzoea, nikavaa mm 5 nikaingia ziwani nao vile vile, sikuwaza kwamba maji baridi yanakubeba kidogo kuliko ya chumvi, halafu kadiri unavyoshuka ile suti inabanwa, ukifika mita 10 hewa iliyomo kwenye mpira imebaki nusu, kwa hiyo haikuinui tena. Nilishuka kama jiwe, tope limetibuka sioni hata mkono wangu, napapasa kifungo cha mkanda kimezungukia ubavuni, vidole vimekufa ganzi. Kilipofyatuka nikapanda. Mkanda uko huko mpaka leo. Sasa navaa kilo 5 na najipima kwanza juu ya maji kama naelea, kila nikibadili suti.

Kijana wa Igombe: Pole sana kaka. Mimi nina kilo 7, napunguza leo leo.

Nansio88: Na mkiwa na mtungi msitumie majedwali ya baharini (yale ya muda wa kukaa chini na kupanda) hivi hivi, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo. Mimi suti nataka sababu ya kichocho.

Bintiziwa: Suti haizuii kichocho, maji yanaingia shingoni na mikononi.

Nansio88: Inapunguza ngozi iliyo wazi, usibishe.

Bintiziwa: Inapunguza, nakubali, lakini kapime na umeze dawa. Nina ndugu wawili waliojiamini wakakojoa damu.

Kijana wa Igombe: Nimerudi kuijaribu mm 5, inabana vizuri ila kwapani imeachia mshono urefu wa kidole. Ile mm 3 inapwaya kiunoni.

Mzee wa Luchelele: Inayopwaya ni kama hujavaa kitu. Shona hiyo.

Mtanga: Isishonwe kwa uzi mtupu, itavuja, lazima gundi ya mpira kwanza.

Kijana wa Igombe: Hiyo gundi naipata wapi hapa mjini, kwa mafundi viatu au kwa wa mitumbwi?