Getini mmeandika MBWA MKALI, barabarani mnatuambia "haumi". Tushike lipi?

Wakuu, nina hasira na nina sindano mbili za kichaa cha mbwa mwilini, kwa hiyo mnivumilie.

Nakaa Goba, Dar es Salaam, kule lami inakoishia na vumbi kuanza. Nafuga mbwa mmoja, anaitwa Popi. Najua, nusu ya mbwa wa nchi hii wanaitwa Popi, niacheni. Ni chotara, mama yake wa kienyeji, baba tunamhisi tu. Amechanjwa, na kadi yake nimeihifadhi pamoja na vyeti vyangu vya shule. Kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi namfunga kamba, tunatembea mpaka kwenye lami na kurudi. Bodaboda wa kijiweni walinicheka mpaka wakachoka, "mwanaume mzima unatembezwa na mbwa". Siku hizi wanamsalimia Popi kwanza, mimi baadaye.

Kamba yake ni ya mita moja na nusu. Kikumbukeni hicho kipimo.

Jumanne iliyopita tunapita mbele ya nyumba moja yenye geti la kijani. Kwenye geti kuna kibao chenye picha ya kichwa cha mbwa na maandishi mekundu: MBWA MKALI. Mlinzi alikuwa amelifungua lote ili gari la bosi litoke. Kabla ya gari wakatoka mbwa. Watatu. Wawili ni yale mapande ya Boerboel, mbwa wakubwa wa ulinzi, yenye vichwa kama ndoo, wa tatu ni kijibwa cha kienyeji, mchochezi. Kila kundi la mbwa lina kimoja cha namna hiyo, chenyewe hakiumi mtu ila ndicho kinachotangaza vita.

Mimi nikafanya kile ambacho kila mtoto aliyekulia uswahilini anakijua: nikainama kama naokota jiwe. Mbwa koko ukimwinamia tu, hata kama chini hakuna jiwe, ameshafika kona ya pili. Mtaa umemsomesha. Hawa wa geti kali hawajawahi kurushiwa jiwe tangu wazaliwe, hawajui kuinama maana yake nini. Nikainama, wao wakaongeza mwendo.

Sasa wale ambao hamjawahi kushika kamba ya mbwa, hebu nisikilizeni kidogo. Mbwa aliye huru ana uchaguzi. Anaweza kusogea, kurudi nyuma, kuzunguka kwa ubavu akanusa, wakamalizana kistaarabu. Aliyefungwa kamba ya mita moja na nusu hana hata kimoja. Kukimbia hawezi, kuzunguka hawezi, amebakiwa na meno tu. Na wewe uliyeshika kamba ukishtuka unaivuta bila kujua, shingo yake inanyanyuka, kifua kinatangulia, na kwa lugha ya mbwa hapo umeshamtangazia mwenzake ugomvi. Halafu mwenye wale watatu anakuja kukwambia wa kwako ndiye aliyeanza.

Haikufika hata dakika mbili. Kamba ilinizunguka magotini nikaenda chini, nusu yangu ikaishia mtaroni. Popi kachanwa sikio na paja. Mimi, kwa ujinga, niliingiza mkono katikati ya midomo yao kumtoa, jino likapita juu ya kidole gumba. Aliyetuokoa ni mama wa vitumbua wa pale kona, alikuja na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo akawamwagia wote, mimi nikiwemo. Mlinzi muda wote huo alikuwa ameshikilia geti, utadhani geti ndilo lililotaka kutoroka.

Ndipo mwenye nyumba akatoka. Msuli kiunoni, mswaki mdomoni.

"Usiogope kaka, haumi huyo. Bado mtoto, hana hata miaka miwili."

Wakuu, damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko.

Nikamuuliza kama wamechanjwa. Akasema hayo mambo anayajua mlinzi. Nikamgeukia mlinzi, akasema, "Mimi mwenyewe nimekuja juzi, bosi." Nikaomba basi nionyeshwe kadi za chanjo, hapo ndipo jamaa akatema povu la mswaki akanigeuzia kibao. Eti kwa nini napitisha mbwa mbele ya nyumba za watu alfajiri yote hii, nawachokoza mbwa wake. Barabara ya mtaa hiyo jamani, ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara, si ua wa nyumba yake! Mwisho akaingia ndani, akarudi na noti ya elfu kumi. "Chukua hii kaka, ya soda."

Sikuichukua. Mama vitumbua ananiambia mpaka leo kwamba ningeichukua, ni haki yake kunishauri, lakini kuna pesa ukiipokea umeshakubali kwamba yamekwisha.

Kadi sikuiomba kwa ubishi. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, hakuna hospitali itakayokurudisha, ni kusubiri tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, wengi wakiwa Afrika na Asia, na katika kila kumi kama wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto wa mtaa wetu wanapita mbele ya geti hilo hilo kwenda shule giza halijaisha. Na kinga yenyewe kwa upande wa mbwa ni chanjo ya kurudiwa kila mwaka, ambayo kwenye kampeni hutolewa hata bure. Mtu ana gari la kifahari na mbwa wawili wa bei, sindano moja ya mwaka imemshinda, kadi "anajua mlinzi".

Nilirudi nyumbani nikaweka mkono chini ya bomba na sabuni ya mche, dakika 15 nikitazama saa. Hili nawasihi mlishike hata kama mengine yote mtayapuuza: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, halafu zahanati siku hiyo hiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa, si kusubiri kuona kidonda kinasemaje. Zahanati nikapewa kadi yenye tarehe: siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila tarehe ni nauli, ni foleni, ni ruhusa kazini, na sindano nanunua mwenyewe. Popi naye alishonwa na daktari wa mifugo, akachomwa chanjo ya kurudia, na ili asilambe nyuzi nimemkatia dumu la lita tano nikamvisha shingoni. Anagonga kila mlango anaopita. Watoto wanaona ni mchezo, mimi nikimwangalia hasira inarudi upya.

Yule muuguzi aliniambia jambo moja la maana sana. Mbwa aliyeuma, kama yupo na anajulikana, afungiwe na aangaliwe siku 10. Akimaliza siku hizo yuko mzima, ujue siku aliyokuuma mate yake hayakuwa na virusi. Akibadilika, akafa, au akapotea, huna cha kubahatisha, unamaliza dozi. Nikaenda kwa jirani nikiwa mpole kabisa, jioni ya siku hiyo hiyo, nikamweleza hivyo hivyo. Akaniitikia, "sawa sawa kaka, tutawafungia". Ijumaa natoka kuchomwa sindano ya pili, nawakuta wote watatu wamelala katikati ya barabara wanaota jua. Siku ya tatu!

Nilikwenda kwa mjumbe. Mjumbe akasema tuongee kama majirani. Nikaenda serikali ya mtaa, nikaambiwa niandike barua. Nimeiandika, iko pale, juu yake kuna barua nyingine na juu ya hiyo kuna kikombe cha chai.

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ndiyo usiseme. Pole ishirini na kitu, vikaragosi vya mikono iliyokunjwa, halafu mmoja akaandika, "Mbwa ni wa ulinzi, bila wao wezi wangetumaliza." Ndugu yangu, mbwa wa ulinzi analinda ndani ya ukuta. Mwizi anaingia kwako, haingii barabarani. Mbwa anayemkamata muuza maziwa na kumwacha mwizi ni mlinzi wa nani? Mwingine akasema mbwa anahitaji uhuru, kumfunga ni kumtesa. Nakubaliana naye kabisa kwamba kumfunga mbwa mnyororo juani kutwa nzima ni mateso. Ndiyo maana mimi namtembeza! Una eneo la kutosha gari nne, wafungulie humo humo, geti lifungwe. Ukitoka nao, kamba. Tena wafungie kabla ya kufungua geti, ni kazi ya dakika moja kwa mlinzi aliyeelekezwa.

Na siyo sisi wafuga mbwa tu. Kuna mzee mmoja hapa, anatoka swala ya alfajiri na kanzu yake nyeupe. Mwezi uliopita mmoja wa hao hao alimrukia akamlamba mkono na kanzu. "Alikuwa anacheza tu mzee." Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee wa watu alirudi nyumbani akiwa ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa, na hakusema neno. Mimi siku ile nilicheka kidogo, nakiri. Sasa hivi sicheki.

Kuna watakaonishauri kwenye faragha niwatilie sumu. Msihangaike, wawili wameshaniambia ana kwa ana. Sumu haichagui. Itaokotwa na Popi, na paka wa mama vitumbua, na kuku, mwisho mtoto ataishika. Na wale mbwa wana kosa gani? Hawakujifungulia geti. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, sitaki niwe mimi ndiye ninayeshtakiwa halafu yeye akae barazani na mswaki wake.

Kwa anayetembea na mbwa na hataki kusubiri barua ijibiwe, ninayofanya sasa ni haya. Mfukoni nina dagaa. Nikiona mbwa wa geti anakuja natupa konzi nzima chini, mbele yake, siyo kwa mkono wala kwa kumrushia usoni. Pua yake ikishuka chini mimi naondoka pembeni bila kukimbia, Popi akiwa upande wangu wa pili. Nabeba mwavuli hata kiangazi. Ukifunguka ghafla usoni kwake, hata hilo pande la Boerboel linasita. Kamba naiacha ilegee, jambo gumu kuliko yote, mkono unataka kuvuta wenyewe. Wakishashikana, usirudie kosa langu la kuingiza mkono mbele. Kila mmoja ashikwe miguu ya nyuma, inyanyuliwe kama mikono ya toroli, mrudi nyuma mkizunguka. Inahitaji watu wawili, kwa hiyo ukiwa peke yako omba mama vitumbua awepo.

Lakini kwa nini mimi? Kwa nini mwenye kamba, mwenye kadi, anayeokota kinyesi kwa mfuko (ndiyo, naokota, chekeni) ndiye atembee na dagaa mfukoni na mwavuli kama mganga, na yule mwenye mbwa watatu alale?

Nimesoma Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, kile cha vitendo vya uzembe. Ndani yake kuna mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kwa macho yangu kinamhusu mpaka mswaki wake. Ninachotaka kutoka kwenu siyo "pole mkuu". Nataka aliyewahi kwenda nacho mbele. Ulianzia polisi au ulitakiwa upite serikali ya mtaa kwanza? Shahidi mama wa vitumbua anatosha? Risiti za sindano na za daktari wa mifugo ulizidai kwenye kesi hiyo hiyo au ulifungua madai pembeni? Na waliomalizana nyumbani, mlimfanya nini jirani mpaka akafunga geti?

Kesho ni siku ya 7, nachomwa ya tatu. Nitapita pale pale kwenye geti la kijani, kwa sababu njia nyingine inanizungusha kilomita nzima. Mrejesho nitaleta.