Naomba ushauri: lebo za saizi zinawavunja moyo wateja

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba ushauri kwa wauza magauni, hasa mlioko Ngamiani hapa Tanga.

Kwenye mzigo mmoja, 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na karibu 40 ya Ulaya. XL ya China mara nyingi haimtoshi mvaaji wa L. Zipu ikikwama kwenye hipsi, mteja anaulaumu mwili wake, kumbe kosa ni la namba. Inauma kumsikia.

Nataka kuachana na lebo, nipime gauni lenyewe: nililaze bila kulivuta, nipime kwapa hadi kwapa na kuzidisha kwa mbili, kisha kiuno na hipsi vivyo hivyo, niandike inchi kwenye kikaratasi. Kitambaa kisichovutika nakiachia inchi 2 zaidi ya kifua cha mteja, hipsi 2 hadi 3; ikibana, akikaa tu mshono wa nyuma unafumuka.

Je, vitambaa vinavyovutika mnapunguza inchi ngapi? Na mteja anayeona haya kupimwa kwa tepu mnaongea naye vipi, jamani, hasa wanaume wakiwa dukani?