Wapangaji wanalisha tumbili, jirani anataka kutega sumu. Nifanyeje? (Sahare, Tanga)

Mwenye_Kiwanja

Heshima kwenu wakuu. Nina nyumba mbili ndani ya kiwanja kimoja hapa Sahare, upande unaopakana na kichaka kinachoshuka hadi kwenye mikoko. Ya mbele wanakaa mume na mke kutoka Uingereza, ya nyuma familia ya Kimarekani. Hali ilivyo:

Wa mbele kila asubuhi wanaweka ndizi na mkate barazani. Tumbili wanafika kama kumi na tano. Wakimaliza wanaruka ukuta kwa jirani mwenye robo eka ya mahindi na mihogo. Mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Jirani ameniambia wazi kwamba akichoka atatega sumu kwenye ndizi.

Nyumba hiyohiyo ina popo darini. Silingi bodi imeota madoa ya kahawia na harufu ni kali, lakini wapangaji wamekataa wasiguswe, wanasema kuwatoa ni kosa la jinai.

Wa nyuma ni kinyume chake. Wanataka nipulize dawa nyumba nzima kwa sababu ya mjusi kafiri. Na mlinzi naye anaomba ruhusa ya kumuua bundi anayetua kwenye mwembe, anasema ni uchuro.

Sitaki kumfukuza mpangaji wala kugombana na jirani, tumeishi naye vizuri. Naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Bwana_Nyika

Mkuu, anza na sumu, leo hii kabla ya jua kuzama. Hayo mengine yatasubiri.

Ndizi yenye sumu haimchagui wa kumla. Tumbili ataila nusu, nusu ataiangusha kiwanjani kwako au njiani ambako watoto wanapita. Atakayeiokota ni mtoto, mbwa, paka, kuku au kunguru. Zaidi ya hapo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamhesabu mnyamapori kuwa mali ya umma hata akiwa juu ya mwembe wako, na kumuua kwa sumu ni njia iliyokatazwa. Jirani ana haki ya kulinda shamba lake, hana haki ya kutega sumu. Lakini usimwendee na sheria mkononi. Nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, mwandike pamoja barua ya malalamiko ya uharibifu kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Andikeni tarehe, saa wanazoingia, idadi ya tumbili, na hatua za mraba zilizoharibiwa. Barua yenye vipimo hivyo inamtoa afisa ofisini kuja kuona. Barua ya "tumbili wanatusumbua" haimtoi.

Pili, kulisha kukome siku moja, si kidogo kidogo. Ukipunguza polepole tumbili anajifunza kwamba akisubiri na kusumbua zaidi, chakula kinakuja, kwa hiyo ndivyo unavyomfundisha ung'ang'anizi. Waeleze wapangaji mapema kwamba wiki mbili tatu za kwanza hali itakuwa mbaya kuliko sasa: watagonga madirisha, watavuta nguo kwenye kamba, dume kubwa litainua nyusi na kuonyesha meno. Hapo ndipo wengi wanaogopa na kurusha ndizi moja "ili waondoke". Ndizi hiyo moja inarudisha kazi yote mwanzo.

Katika wiki hizo:
- Ndoo za taka ziwe na kifuniko kinachofungwa kwa mpira wa tairi au kulabu, na mabaki ya chakula yatoke nje siku ya gari la taka tu.
- Madirisha ya jiko yawekwe wavu wa chuma wa kuchomelea wa inchi moja. Wavu wa mbu wa plastiki wanauchana kwa dakika moja.
- Matawi yote yaliyo karibu na paa yakatwe yabaki mbali si chini ya mita tatu.
- Mapapai na maembe yachumwe yakianza kubadilika rangi, yaivie ndani.
- Chakula cha paka kisilale nje usiku wala mchana.

Akimng'ata au kumkwaruza mtu: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili kwa kutazama saa, kisha hospitali siku ileile kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tarehe za sindano zinazofuata asikose hata moja. Wageni wengi wanajua hatari hiyo kwa mbwa, hawaijui kwa tumbili.

Fundi_Kenchi

Naongelea popo, maana hapa ndipo watu wanaharibu.

Kwanza hakikisha ni popo na si panya. Chukua kinyesi kimoja kwa kijiti, kisage juu ya karatasi. Cha popo kinavunjika kuwa unga wenye vipande vinavyometa vya mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu.

Hawa wa darini ni popo wadogo wanaokula wadudu, si wale wakubwa wanaokula maembe. Tundu la upana wa kidole gumba linawatosha. Nyumba zetu za pwani wanaingilia sehemu tatu: chini ya kofia ya bati, kati ya migongo ya bati na fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), na pale ukuta wa pembetatu unapokutana na paa. Wasimame watu wawili kwenye kona mbili zinazokabiliana, kuanzia saa kumi na mbili na robo jioni hadi saa moja na robo, jioni mbili mfululizo. Kila tundu wanalotokea liwekewe alama ya chaki kwenye ukuta chini yake. Mchana utaona pia doa la mafuta la kahawia kwenye mdomo wa tundu.

Kisha:

Ziba nyufa zote zisizotumika, uache matundu mawili au matatu makuu. Kwenye migongo ya bati tumia wavu wa chuma uliokunjwa kufuata mgongo, juu yake silikoni. Povu la kopo peke yake halifai, panya wanalitafuna na jua linalimaliza. Matundu ya hewa usiyazibe kabisa, weka wavu wa robo inchi, la sivyo dari litatoa jasho na mbao za kenchi zitaoza.

Kwenye matundu makuu funga mlango wa kutokea tu. Chukua wavu laini wa matundu yasiyozidi milimita tatu, ufunge juu na pembeni ya tundu, uning'inie sentimita sitini chini ya tundu, chini ubaki wazi. Popo anateleza na kutokea chini. Akirudi anatafuta tundu palepale alipopazoea, anakuta wavu. Ukitumia wavu wa matundu makubwa anaupanda na kuingia. Pasipowezekana wavu, tumia bomba la plastiki la inchi mbili, urefu sentimita ishirini na tano, limeelekezwa chini, ndani liwe laini kabisa.

Acha usiku saba usio na mvua kubwa. Usiku wa mvua hawatoki, usiuhesabu. Ukikaa jioni mbili bila kuona hata mmoja, toa wavu, ziba.

Kosa kubwa ni kuziba mchana wakiwa ndani. Wanafia darini, funza wanadondoka kwenye vitanda, waliobaki wanatafuta njia kupitia matundu ya taa na kuingia vyumbani. Hapo utaelewa kwa nini mpangaji wako anakataa.

Mpwani_Ughaibuni

Hawakukataa kwa kiburi. Uingereza, tangu sheria ya 1981, popo wote wanalindwa na kuziba makao yao ni kosa hata kama siku hiyo popo hawamo ndani. Mwingereza aliyekua na sheria hiyo anaona unamwomba ashiriki uhalifu. Mwambie mambo matatu: hakuna atakayeuawa, wanatoka wenyewe kwa miguu na mabawa yao, na mnawawekea sanduku la kuhamia. Atabadilika.

Wala usiwaweke wageni wote kapu moja. Kindi wa kijivu Marekani ni mnyama wa bustani, watoto wanampa karanga. Huyohuyo alipelekwa Uingereza mwaka 1876 na leo anahesabiwa mharibifu aliyemsukuma nje kindi mwekundu wa asili. Yule posamu, mnyama mdogo wa mitini mwenye mkia wa manyoya, Australia analindwa, New Zealand alikopelekwa mwaka 1837 wanamtega na kumuua kwa maelfu. Kwa hiyo swali la "kwa nini Waafrika hawapendi wanyama" likitokea kwenye baraza lako, muulize mpangaji wako kuhusu kindi. Muulize kwa upole, kwa nia ya kuelewana.

Hoja itakayomgusa ni hii: tumbili anayezoea mkono wa mtu hapa hapa barazani ndiye atakayepigwa akifika shambani, kwa sababu hakimbii tena. Ndizi inamwondolea hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa inamlinda.

Mkulima_Muheza

Jirani naye apewe kitu cha kufanya, asiachwe na maneno matupu.

Mahindi yakitoa ndevu, hatari kubwa ni wiki tatu hadi nne za kwanza, punje zikiwa bado laini. Si lazima kulinda mchana kutwa. Tumbili wanaingia kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, tena kuanzia saa tisa hadi jua linapozama. Mtu mmoja na debe na manati zamu hizo mbili anatosha robo eka. Asikae sehemu moja. Sanamu la nguo kuukuu linawatisha siku mbili tatu tu, lisipohamishwa wanalikalia kichwani.

Afyeke ukanda wa mita tano hadi kumi kati ya ukuta na mstari wa kwanza wa mahindi. Tumbili hapendi kuvuka uwanda mtupu, anataka mti wa kukimbilia. Msimu ujao ukanda huo aupande pilipili au mchaichai, mahindi yasogee katikati.

Mihogo: mistari ya pembeni wengi wanapanda michungu, wanyama wanaifukua kidogo kuliko mitamu. Ila atie alama na asichanganye mbegu. Mchungu usiolowekwa na kukaushwa unaua mtu.

Na wewe mwenye kiwanja changia mshahara wa mlinzi wa shamba kwa mwezi huo. Chakula kilichowaita kilitoka kwenye baraza lako.

Mwenye_Kiwanja

Mkulima, hilo la mwisho nimelipokea, ni haki yake. Bwana Nyika, tayari nimezungumza na jirani, amekubali twende kwa mwenyekiti. Fundi, je, kama popo wana watoto? Na hayo ya mjusi na bundi mmeyapita.

Fundi_Kenchi

Swali zuri, ningelitaja mwanzo. Panda darini saa sita mchana na tochi, barakoa nzito na glavu. Watoto ni wekundu, hawana manyoya, wamejikusanya pamoja. Ukiwaona acha kila kitu, rudi baada ya wiki sita. Huwa wengi mvua zikileta wadudu, kwa hiyo mimi huwashauri wateja wafanye kazi hii baada ya masika kupita kabisa, Julai au Agosti.

Mkimaliza, kinyesi kisifagiliwe kikavu, vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Kinyunyizwe maji mpaka kilowe, kikusanywe kwa koleo na kufungwa mifukoni. Silingi bodi zilizolowa mkojo zibadilishwe, rangi haifichi harufu.

Sanduku: mbao ngumu isiyopigwa randa upande wa ndani, nafasi ya sentimita mbili, chini wazi, liwe juu mita nne au zaidi, lisielekee jua la magharibi. Litangulie kuwekwa wiki kadhaa kabla ya wavu.

Binti_Chumbageni

Mjusi anafuata wadudu, wadudu wanafuata taa. Badilisha taa nyeupe za baraza ziwe za njano, weka brashi chini ya milango, ondoa mayai nyuma ya picha na makabati (huwa mawili mawili, meupe). Dawa ya kupuliza inaua chakula chake wiki moja, kisha anarudi, na watoto wa mpangaji wameivuta. Wapo kwetu wanaomuua kwa mafundisho waliyopokea kwamba mjusi huyu aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim. Hilo ni la imani yao, usibishane nalo, ila usilifanye kazi ya mlinzi kwenye nyumba ya kupangisha.

Bundi mwache. Anakula panya, na panya ndio waliojaa kiwanja chenye ndizi na mkate. Msitumie sumu ya panya, bundi akimla panya aliyelishwa anakufa naye. Mlinzi akiogopa, mbadilishie sehemu ya kukaa usiku, mbali na mwembe. Mtu hatolewi hofu ya uchuro kwa kuchekwa.

Ila kuna mmoja ambaye mpangaji wako asimtetee: kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Huyu si wa kwetu, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na anakula mayai na makinda ya ndege wa asili. Yule mwenye shingo nyeupe ni wa asili. Mabaki ya barazani yanawalisha wale wa kijivu kabla ya tumbili.

Bwana_Nyika

Weka kwenye mkataba wa pango, lugha zote mbili: "Mpangaji hatamlisha, hatamfuga wala hatamuua mnyamapori yeyote ndani ya kiwanja. Taka za chakula zitafungwa. Mwenye nyumba atagharamia nyavu za madirisha na kuziba paa, na ataarifiwa ndani ya siku tatu mnyama akionekana darini." Wape wapangaji wote wawili karatasi hiyohiyo, wa mbele asione ameonewa na wa nyuma asione ameshinda.

Mwenye_Kiwanja

Nimeelewa. Jioni hii nakaa kona ya kwanza, mlinzi kona ya pili, na Mwingereza mwenyewe ameomba kushika chaki. Fundi, wavu wa milimita tatu ninunue kiasi gani?

Fundi_Kenchi

Mita moja na nusu kwa kila tundu, ongeza mita moja ya akiba. Angalia usiwe na nyuzi zinazochomoza, popo wananasa vidole. Misumari ya bati usitumie kuufunga, tumia stepo na ubao mwembamba juu yake.